Aliyerudi Apewe Jembe Siku ya Ngapi?

Mgeni amepangiwa ratiba na wahenga: siku mbili ale na kulala, ya tatu apewe jembe. Mwenyeji aliyetoka mwaka mzima kisha akarudi, hakuna aliyempangia. Nyumba moja ya Ngamiani, Tanga, imekuwa ikiligombania jambo hilo tangu kijana wao alipoingia uani na pikapu yenye vumbi la nchi nane. Alitokea Tunduma, akapita Lusaka, akavuka Zambezi pale Kazungula, akashuka Botswana na Namibia mpaka Cape Town. Kisha akapandisha kwa Lesotho, Eswatini, Maputo, Beira na Blantyre, akarejea nchini kwa mpaka wa Kasumulu, Kyela. Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania njia hiyo ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu nchi zote hizo ni za SADC na haziombi viza kwa matembezi. Uzito umekuja baada ya kufika.

Wasemaji nawaita kwa nafasi zao. Msafiri ni fundi wa mitandao ya kompyuta, umri wake thelathini na kitu. Dada yake ni mwalimu wa Historia sekondari, naye ndiye aliyebaki na mama yao mwenye kisukari. Mjomba alikuwa dereva wa malori ya Dar es Salaam hadi Lubumbashi na kwingineko kusini. Bi Mkubwa ni jirani, mjane wa baharia. Mimi niliombwa niwe mwenyekiti, cheo ambacho barazani hakina heshima yoyote.

DADA: Naanza mimi, maana ndiye niliyebaki. Sina ugomvi na safari. Dagaa wa kwanza aliobeba nilimfungia kwa mikono yangu. Ugomvi wangu ni wa leo. Alirudi, tukashangilia, mama akalia, nikatandika chumba chake cha utotoni shuka mpya. Usiku uleule akaenda kulala uani, kwenye hema lililo juu ya gari. Kesho yake vilevile. Wiki ya pili majirani wakaanza kuniuliza kwa upole kama tumekosana. Mama anaamka usiku kwenda msalani, anachungulia dirishani, anamwona mwanawe kalala juu ya gari utadhani hana kwao. Hiyo nayo tuiite kupumzika?

MSAFIRI: Dada, chumba kile hakina hewa.

DADA: Ulipokuwa mdogo kilikuwa nayo.

MSAFIRI: Basi nieleze, mnisikilize mpaka mwisho. Mwaka mzima, ikifika saa kumi jioni, kazi yangu ilikuwa moja: kutafuta pa kulala. Uwanja wa misheni, yadi ya kituo cha mafuta, kambi ya watalii, nyumba ya mtu aliyenikuta nimesimama njiani akanihurumia. Kila jioni nauliza, kila jioni napata. Nimefika hapa, saa kumi inafika na hakuna cha kutafuta. Nakaa. Mikono haijui iende wapi. Usiku nikiingia mle chumbani nasikia feni, nasikia saa ya ukutani, usingizi unapaa. Nilipanda kule juu kwa sababu ndiko nilikojua usingizi unapatikana. Sikumkataa mtu.

MJOMBA: Hapo namwelewa, na nitasema ukweli ingawa utamfaa yeye. Nilipokuwa barabarani nililala kitanda cha nyuma ya kiti, miaka. Nikifika kwangu, godoro la mke wangu lilikuwa laini mno, naamka saa kumi alfajiri kwa sababu saa hiyo ndiyo lori linaondoka. Marehemu mke wangu alijua. Siku ya kwanza aliniachia mkeka sebuleni, asiniulize. Lakini mwanangu, huo ulikuwa usiku mmoja au miwili. Kulikuwa na desturi ya kurudi. Unafika yadi, unakabidhi gari. Tairi zinahesabiwa na namba zake zinasomwa. Jeki, turubai, kamba, tairi la akiba, makaratasi ya forodha, risiti za posho. Bosi haulizi umeona nini Kasumbalesa. Ukishatia sahihi, umerudi, hata kama kichwa bado kiko Kapiri Mposhi. Wewe hujakabidhi. Gari iko uani, jiko limo, ndoo imo, magodoro yamo. Mtu mwenye mzigo wake garini yuko njiani bado. Mimi nasema siku ya tatu, jembe. Shusha mzigo, osha gari, iuze au ipaki.

MSAFIRI: Niushushie wapi, Mjomba? Chumba changu Sinza nilikirudisha kwa mwenye nyumba. Leo nikitaka kingine ataniambia nilipe miezi sita mbele, wengine wanataka mwaka. Kitanda niliuza, friji niliuza, meza ya kazi niliuza. Nilipiga hesabu ya dizeli mpaka lita ya mwisho, nikapiga ya bima, nikapiga ya tairi mbili mpya Windhoek. Pesa ya kurudi kuishi sikuiweka. Laini yangu ya zamani ya simu nimekuta amepewa mtu mwingine. Kadi ya bima ya afya imekwisha muda. Wanaouliza mbona sijarudi Dar wanadhani ni maringo.

Hapa nilikatiza kama mwenyekiti, kwa sababu jambo hili hupitwa haraka na watu wanaopenda kuzungumzia roho. Nusu ya kinachoitwa huzuni ya kurudi ni kodi ya miezi sita. Msafiri wa Ulaya aliyezunguka Afrika kwa gari hurudi penye posho ya wasio na kazi, au angalau penye mwenye nyumba anayedai mwezi mmoja na dhamana. Wetu anarudi Dar es Salaam anakotakiwa kuwa na fungu mkononi kabla hajapata mshahara wa kulijaza hilo fungu. Asiyeliweka kando kabla ya kuondoka atalala kwa mama, atake asitake, na kulala kwa mama ukiwa na zaidi ya miaka thelathini kuna bei yake ambayo hailipwi kwa shilingi.

DADA: Mwenyekiti amemtetea vizuri, ila amesahau kwamba nami nalala kwa mama, na hakuna aliyeniita mwenye huzuni.

Baraza lilicheka, yeye hakucheka.

BI MKUBWA: Wanangu, mnapigana kwa kuwa hamna utaratibu. Marehemu mume wangu alikuwa akienda na meli miezi tisa, kumi. Kurudi kwake kulikuwa na mpango kuliko kuondoka. Siku ya kwanza haulizwi kitu, anaoga, anakula, analala. Ya pili wazee wanakuja kumpa mkono, wanaondoka mapema. Ya tatu ndiyo anafungua sanduku: hiki cha mama, hiki cha shemeji, redio ya jirani aliyetuazima pesa. Sanduku likifungwa, kaisha kurudi. Juma lifuatalo yuko sokoni na kikapu kama wanaume wengine. Sasa huyu kijana kafika jioni, hana sanduku, hana cha kufungua. Watu hawajui wampokee vipi. Akirudi mtu Makka tunafunga turubai, tunasoma dua, tunakula tende, tunamwita Alhaji hata kama juzi alikuwa mlevi. Akirudi mwanafunzi, cheti kinaonyeshwa. Huyu tumwite nani?

MSAFIRI: Hapo Bibi umeligusa donda. Kila niliyekutana naye kaniuliza mambo mawili tu. La kwanza, umetuletea nini. La pili, huko Sauzi umeacha nini, duka au mke. Nikijibu nilikwenda kutembea, ananiangalia anangoja nimalizie sentensi.

MJOMBA: Kwa sababu walioondoka hapa kwenda Sauzi wengi walikuwa wazamiaji na watafutaji. Kijana alizamia, akahangaika, akatuma pesa, nyumba ikapanda kwa matofali ya huko. Asiyetuma aliona haya kurudi. Ndiyo mizani wanayokupimia. Huwezi kuwalaumu, hawana nyingine.

MSAFIRI: Siwalaumu. Nachoka tu. Nikisimulia Kazungula, jinsi nilivyopita juu ya daraja huku wanaume wa upande wa Zambia wakinionyesha gati la zamani la pantoni...

MJOMBA: Daraja! Sisi tulilala foleni pale, pantoni linachukua lori moja moja, ukiamka mwenzako kaondoka. Walifungua lini?

MSAFIRI: Mwezi wa tano 2021. Mita mia tisa na ushei, limepinda.

MJOMBA: Limepinda?

MSAFIRI: Limekunjwa lisiguse ardhi ya Zimbabwe. Zambia na Botswana walilijenga wawili.

Dakika kadhaa zilipotea hapo. Wawili hao walihama barazani kabisa: mizani ya Vigwaza na ya Makambako, kadi ya njano ya COMESA ambayo Tanzania inaitumia bado ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000, mteremko wa Chirundu ambako breki zinanuka. Uso wa kijana ulibadilika. Nilimwona Dada akimtazama mdogo wake akiongea hivyo na mjomba, na nadhani aliona nilichokiona mimi, kwamba hii ilikuwa mara ya kwanza tangu arudi kuulizwa swali na mtu anayetaka jibu. Hakulegeza kamba hata hivyo.

DADA: Mmemaliza? Sasa nami nitumie somo langu. Kila kidato cha kwanza ninachofundisha kinamjua Ibn Battuta, kwa kuwa alifika Kilwa 1331 na kuisifu. Ninachowaambia wanafunzi baada ya kengele, kwa kuwa mtihani haukiulizi, ni alivyorudi kwao. Aliondoka Tangier 1325, kijana wa miaka ishirini na moja. Alipokuwa Damascus njiani kurudi, akaambiwa baba yake amefariki, miaka kumi na mitano nyuma. Akaendelea. Alipokaribia kwao 1349, akaambiwa na mama naye ametangulia kwa tauni, miezi michache tu kabla hajafika. Dunia nzima aliijua, barabara ya kwao hakuijua. Mnaniambia nimwonee huruma anayerudi. Mimi namfikiria aliyekaa na yule mama siku za mwisho. Jina lake halimo kitabuni.

MSAFIRI: Dada, malizia kisa. Alipofika hakutulia. Alizuru kaburi la mama yake, akavuka kwenda Andalusia, 1352 akaingia jangwani kwenda Mali. Aliyemtuliza ni Sultani Abu Inan. Alimwita arudi, kisha akampa mwandishi, Ibn Juzayy, akamwambia kaa hapa usimulie, mwenzio aandike. Kitabu kikakamilika 1355. Baadaye akawa kadhi. Hilo lilikuwa jembe, nakubali. Lakini lilikuwa jembe linalolingana na mkono wake. Ofisini kwangu wameniita, ndiyo. Meza ileile, kiti kilekile, kiyoyozi kinachovuja palepale. Wananitaka niwe yule wa mwaka juzi, na mimi nimekwisha kumsahau.

DADA: Kwa hiyo tukutafutie Sultani.

BI MKUBWA: Wewe nawe! Mwache mwenzio.

Niliwaomba ruhusa niseme la kwangu, kwa sababu Dada alikuwa amefungua mlango wa historia, na huko nako wako watu wetu. Novemba 1874 mpelelezi Stanley aliondoka Bagamoyo na msafara wa watu zaidi ya mia tatu, wengi wao Waungwana wa Unguja na pwani. Waliivuka Afrika kwa miguu na mitumbwi, wakashuka na mto Kongo mpaka wakatokea Boma Agosti 1877. Karibu theluthi mbili ya waliotoka hawakurudi, waliuawa na vita, ndui, njaa na maporomoko, au walitoroka. Wasomaji wengi huishia hapo. Stanley ameandika pia kwamba walipokwisha kufika baharini, chakula kipo, meli ya Waingereza ipo, watu wake waliendelea kufa. Walikaa kimya, wakalegea, wengine wakazimika pale pwani, wengine melini, wakati ambapo hakuna tena wa kuwarushia mshale. Meli ilizunguka Rasi ya Tumaini Jema ikawafikisha Unguja mwishoni mwa Novemba. Walishuka, wakalipwa mishahara yao, na wajane wakaja kudai ya waume zao. Mwili uliobebeshwa safari kwa muda mrefu hauteremki kwa amri. Ndui na mishale hatuna leo, kijana huyu alikuwa na jiko la gesi na muziki. Ninachosema ni kwamba kuchoka baada ya kufika ni jambo la kale, na aliyelisema kwanza hakuwa mvivu.

DADA: Mwenyekiti ana upande.

MWENYEKITI: Ninao, nitautaja mwisho.

Yupo pia mwanafalsafa wa jamii, Alfred Schütz, Mwaustria aliyehamia Marekani alipokimbia Wanazi. Mwaka 1945, askari walipokuwa wakirejea kutoka vitani, aliandika makala juu ya mtu anayerudi kwao. Aliona kwamba anayeondoka hubeba picha ya nyumba yake kama ilivyokuwa siku ya kuaga na kudhani inamngoja hivyohivyo, na walio nyumbani nao huibeba picha yake. Wanapokutana, picha mbili zinakutana, watu wenyewe bado. Akamalizia kwa jambo ambalo Bi Mkubwa alilijua bila chuo: kwamba haitoshi kumwandaa anayerudi, walio nyumbani nao waandaliwe. Nilipowasomea hili kwa kifupi, Mjomba alitikisa kichwa.

MJOMBA: Mzungu huyo aliwahi kuendesha lori?

MWENYEKITI: Hapana, Mjomba. Mchana alifanya kazi benki.

MJOMBA: Basi ndiyo maana amesema kwa maneno mengi. Mimi nilirudi nyumbani mara nyingi kuliko nilizohesabu, sikuwahi kuandaliwa wala kuandaa. Siku ya tatu niko kwenye paa naziba bati.

DADA: Mjomba, nikuheshimu, nikukumbushe. Ulipostaafu ulikaa kibarazani kwako mwaka mzima. Ulikuwa unavaa viatu vya safari asubuhi, unakaa. Marehemu mkeo alikuwa anatupigia simu analia, anasema hujui pa kuweka miguu. Bati uliliziba lini?

Mjomba hakujibu upesi. Bi Mkubwa alimmiminia kahawa, akamsogezea kashata.

MJOMBA: Ni kweli. Nilikuwa nasahau. Nisikilizeni basi, maana labda ndipo penyewe. Zile mara zote nilizokuwa narudi, sikuwa narudi. Najua Jumanne napakia tena. Mtu anayejua siku ya kupakia anaweza kuziba bati kwa furaha, hata kumbembeleza mtoto aliyemsahau sura. Nilipostaafu ndipo niliporudi kweli, na sikuweza. Nikisikia lori linashusha gia barabara ya Pangani, moyo unatoka. Kilichonitoa kibarazani hakikuwa jembe. Mke wangu aliugua mguu, ikawa lazima mtu aende sokoni, lazima mtu achote maji bomba likikatika. Nikaenda. Sikuamua kitu.

MSAFIRI: Kwa hiyo unaniondolea siku ya tatu?

MJOMBA: Nakuongezea muda, nakupunguzia hema.

Hapo mjadala ulipata joto lingine, la kazi. Msafiri alisema mwaka wake barabarani haumo kwenye wasifu wake wa kazi, kwa sababu mhojiwa akiulizwa ulikuwa wapi mwaka huo, jibu la kutembea linasikika kama jela. Dada alisema kuwa mtu anayeweza kuongea na afisa forodha kwa Kireno cha kubabaisha mpakani Msumbiji akaachiwa gari lake, anaweza pia kuongea na meneja. Walivutana juu ya hili kwa muda, na mimi sikuona jipya: ofisi zitamchukua, fundi wa mitandao hakai bure katika nchi hii. Nilichokiona ni kwamba kila kijana alipotaja ofisi, dada yake alitaja mama, na kila dada alipotaja mama, kijana alitaja ofisi.

Bi Mkubwa naye alikuwa ameliona.

BI MKUBWA: Watu wa vyombo wanasema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mnaipenda methali hiyo mkitaka kumcheka anayerudi. Haya, karudi ngamani. Ngamani kuna nini? Kuna maji ya kufua, mwanangu. Chombo hakikusimama kuingiza maji kwa kuwa wewe umekwenda omo kuangalia samaki. Mtu alikuwa anafua. Unamwona mkono wake?

DADA: Ahsante, Bibi. Sikutaka kusema mwenyewe. Kila Jumatano kliniki ya kisukari, niko naye kwenye foleni, nimeomba ruhusa shule. Jioni namwosha miguu naikagua kidole kimoja kimoja, kidonda kisinipite. Usiku wa manane sukari ikishuka ni mimi na chai ya sukari. Yeye anatuma picha ya machweo Swakopmund. Nzuri, naiweka kwenye simu, namwonyesha mama, mama anafurahi siku nzima. Nami nafurahi. Kisha naenda kuchemsha maji. Sasa amerudi, na kila mtu anauliza atajisikiaje kurudi. Mimi niliyebaki, nilirudi lini?

MSAFIRI: Ungeniambia, Dada.

DADA: Ningekuambia nini? Ugeuze gari Namibia?

Ilikuwa zamu ya kimya, na baraza za Tanga hazipendi kimya. Aliyekivunja alikuwa ndani. Dirisha la mama liko juu ya kibaraza, pazia liko wazi siku zote, na sote tulikuwa tumejisahaulisha kwamba anasikia.

MAMA: Mmeniuliza mimi?

Hatukuwa tumemuuliza.

MAMA: Mwaka wote nilijua mwanangu yuko wapi. Kila anayepita hapa ananiuliza, kijana kafika wapi? Namwambia yuko Maputo, yuko wapi sijui, anaomba picha. Dada yake niko naye nyumba moja, hakuna anayeniuliza kafika wapi. Nami sikumuuliza. Juzi nimemwona anapiga pasi gauni la shule huku macho yamefumba. Hilo la hema mnanisumbua nalo. Alale atakako, ni mwanangu. Mradi asubuhi akishuka, mwenzake apande.

MJOMBA: Apande wapi, dada yangu?

MAMA: Kwenye gari, aende popote. Hana miguu?

Nikaambiwa sasa nitoe uamuzi, na ndio huu. Nakataa siku ya tatu, kwa ushahidi wa Mjomba mwenyewe na wa Waungwana wa Unguja. Nakataa pia madai ya Msafiri kwamba angoje mpaka apate jembe la saizi ya mkono wake, kwa kuwa Ibn Battuta alikuwa na Sultani na wewe huna. Jembe apewe mapema, wiki ya pili imetosha, ila liwe la nyumbani kabla ya la ofisini: kazi ile aliyokuwa akiifanya mtu mwingine kwa niaba yake. Kliniki ya Jumatano, kidole kimoja kimoja, chai ya usiku wa manane. Kazi hiyo ina saa, ina jina la mtu, na haimtaki awe yule wa mwaka juzi. Ofisi ingoje mwezi mmoja, nayo aiandikie barua ya kusema hivyo badala ya kuzima simu. Na pilau ya kumpokea ipikwe, turubai lifungwe, asimulie usiku mmoja mbele ya watu wote, Kazungula na yote, wamalize maswali yao. Bi Mkubwa amejitolea mchele. Dada asishike mwiko.

Kwa unayesoma huku ukihesabu dizeli ya kutoka mwakani, nina ombi la kihasibu. Katika daftari lako la bajeti weka kodi ya miezi sita ya siku utakayorudi, na uiweke mahali usipoweza kuigusa hata gari ikikufia Maun. Chini yake andika nauli na posho ya likizo ya yule atakayekushikia nafasi. Mkabidhi kabla hujaondoka.

Msafiri alitaka kupinga kipengele cha barua. Mjomba alitaka kipengele cha kuuza gari kiongezwe. Havikupigiwa kura, maana adhana ya magharibi iliingia na watu wakanyanyuka.

Gari bado iko uani, jiko na ndoo vimeshushwa, hema halijashushwa. Dada ameomba likizo yake ya mwaka. Anaondoka Jumatatu kwa basi la asubuhi kwenda Lushoto kwa rafiki yake waliyesoma pamoja chuo cha ualimu, atakaa wiki mbili, na simu yake, amesema, itapokelewa jioni tu.